Swichi Isiyoshika Mbili

Si theluji leo. Ni mvua inayoganda inapogusa:
kila tawi la msonobari limevaa kioo,
na nyaya za barabarani zimenenepa kama mkono wa mtoto.
Saa nane na robo umeme ukakatika.
Nilijua. Huku Cape Breton umeme ni mgeni
asiyeaga.

Betri niliinunua Septemba kwa pesa ya kondoo.
Kilo hamsini na mbili, magurudumu mawili,
mpini kama wa sanduku la safari.
Swichi niliifunga mwenyewe kwenye ukuta wa chumba cha chini,
miaka sabini na moja, miwani mbili usoni,
siku mbili za kupiga magoti.
Nikazima kubwa. Nikapima, nikapima tena.
Waya mwekundu kwenye breka,
mweusi nikausokota na ule niliouchomoa,
kofia ya plastiki juu, kisha nikauvuta
kama unavyovuta jino la mtoto kuona iwapo linacheza.
Peigi, fundi wa leseni, akaja na tochi kukagua.
Alisema "hm" mara tatu. Kwa Peigi, hiyo ni sherehe.

A ni tanuri. B jokofu.
C friza, yenye kondoo wa mwaka huu.
D taa za jikoni.
E soketi ya chumbani kwa dada yangu Seonaid,
ambaye mashine humsaidia kuvuta pumzi.
Pampu ya kisima imebaki nje:
yataka volti mia mbili na arobaini, betri yangu haina.
Nimejaza bafu maji. Nimejaza hata birika la maua.
F haina kitu.

Duncan-John wa jirani alicheka.
"Siku mbili! Ningekutengenezea waya wa dume kwa dume,
huku jenereta, huku soketi ya mashine ya kukaushia nguo,
dakika tano, nyumba nzima mchana."
Ni mtu mwema. Huniondolea theluji njiani bila kuombwa.
Sikumjibu. Nilimkatia kipande kingine cha keki.

Mwaka wa sabini na tisa pia alikuwapo mtu mwema.
Jenereta yake bandani, waya wake ukutani,
watoto wake wamelala na joto.
Transfoma haijui mbele wala nyuma:
volti mia na ishirini zikiipitia kinyume
hutoka elfu saba na ushei.
Kaka yetu Hector alikuwa nguzoni.
Alikuwa ameambiwa laini imekufa.

Mshika mbili moja humponyoka,
nao watu husema hivyo kwa masikitiko.
Swichi hii imeundwa iponyokwe.
Laini, katikati, betri. Ili ishike huku
lazima kwanza iachie kule,
na kati ya kuachia na kushika
pana kimya kidogo, kama cha mtu anayemeza mate.
Mengine yote yalikuja na sanduku.
Nilichokinunua ni kile kimya.

Nikageuza E kwanza.
Mashine ya Seonaid ikakohoa, ikaendelea.
Kisha A. Kisha D, nikanywa chai.
Kioo cha betri kikasema asilimia themanini na tatu,
nikakikodolea macho usiku kucha
kama mtu aliyebandika maziwa.

Alfajiri likaja gari la njano lenye kikapu.
Msichana ndani yake, hajafika hata thelathini.
Akaona dirisha langu linawaka peke yake barabara nzima,
mkono wake ukasimama.
Nikatoka na slipa juu ya barafu, nimeshikilia ukuta, nikapaza sauti:
"Ipo swichi! Hautoki nje!"
Akaniinulia glavu.

Na hakuniamini.
Akachukua fimbo yake ndefu, akapima laini,
akafunga ethi huku, akafunga na kule,
polepole, kana kwamba sikusema kitu.

Vizuri, binti. Vizuri hivyo hivyo.